Penseli kwenye Bati, Kalamu kwenye Daftari

Maabara ya dawa ina sheria mbili za kuandika, na ukizisikia kwa mara ya kwanza utadhani zinapingana. Kwenye daftari unaandika kwa kalamu ya wino, penseli ni marufuku, ili kusiwe na kitu cha kufutika. Ukikosea namba unapiga mstari mmoja mwembamba juu yake, namba ya zamani ibaki inasomeka, halafu unaweka saini na tarehe pembeni. Lakini kwenye bati la kromatografia unaandika kwa penseli tu. Ukitia wino, kimiminika kikianza kupanda kitaubeba pia, rangi za kalamu zitasambaa katikati ya madoa ya dawa, na utajikuta unapima kalamu yako wakati kidonge kinakusubiri.

Niliingia famasia nikiwa mtu wa riwaya. Alama za sayansi zilinipeleka huko, mapenzi yangu yakabaki maktaba. Nilitegemea maabara iwe mahali pa namba, maneno yasiwe na kazi. Kumbe nilikuta watu wanaoweza kubishana dakika 20 juu ya kitenzi kimoja. Tuandike mmumunyo "umegeuka" zambarau, au "ulionekana" zambarau? Mwalimu wetu wa uchambuzi alikuwa hana haraka na mabishano hayo. Akishachoka alikuwa anasema, "Andika ulichokiona. Ulichokitarajia kakiandike kwenye shajara yako, usiku, ukiwa peke yako."

Tulianza na parasetamoli, ile ambayo kila mtu anaiita Panadol hata kama kopo limeandikwa jina jingine. Unachukua vidonge 20, unavipima uzito vyote, kisha kimoja kimoja. Kwa kidonge cha ukubwa ule, farmakopia ya Uingereza, ambayo ndiyo tuliyotumia, inakubali vidonge visivyozidi 2 vipishane na wastani kwa zaidi ya asilimia 5, na kisiwepo hata kimoja kinachopishana kwa zaidi ya asilimia 10. Kisha unavisaga kwenye kinu mpaka viwe unga mmoja. Unapima unga wenye miligramu 150 za parasetamoli, unaumumunyisha kwenye sodiamu haidroksaidi hafifu, unaongeza maji, unatikisa dakika 15, unajaza maji hadi mililita 200, unachuja. Mililita 10 za hapo zinaingia kwenye chupa ya mililita 100 na kujazwa maji. Mililita 10 za hiyo zinaingia kwenye chupa nyingine ya 100. Kila mara unainama mpaka jicho liwe sawa na mstari ulio shingoni mwa chupa, maana uso wa maji umebonyea kama bakuli, na unatakiwa kusoma chini ya bakuli, si kwenye kingo zake.

Mwisho unaiweka kwenye spektrofotomita na kupitisha mwanga wa nanomita 257. Kama kidonge kina miligramu 500 kweli, mashine itasoma karibu na 0.536. Ikisoma 0.49, maana yake kidonge kina kama asilimia 91 ya kilichoandikwa kwenye kopo. Kinachoruhusiwa ni kuanzia 95 hadi 105. Kimefeli, hata kama ni cheupe, kigumu, na kimechongwa vizuri.

Niseme ukweli, siku niliyopata namba yangu ya kwanza ndani ya mipaka nilifurahi kama mtu aliyesoma sentensi ngumu ikakubali kueleweka. Kopo limesema kitu, mimi nimeliuliza, limejibu. Basi nikaanza kuuliza vitu vingine, vya nyumbani, ambavyo hakuna aliyenituma kuviuliza.

Kwetu ni mwambao wa Ziwa Nyasa upande wa Ruvuma, katikati ya Mbamba Bay na Liuli. Zamani yote ilikuwa wilaya ya Mbinga. Tangu 2012 sisi ni wilaya ya Nyasa, ila wazee wakisema "wilayani" bado wanamaanisha Mbinga, kule juu milimani kwenye kahawa, ambako mwezi wa saba watu wanavaa masweta wakati sisi huku chini tunalala bila shuka. Kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ni zaidi ya kilomita 60 za kona na mteremko. Siku hizi ni lami. Nilipokuwa mdogo ilikuwa vumbi, na masika ikawa tope, malori yakikwama siku 2 au 3. Bidhaa za maduka yetu ziliteremka kwa njia hiyo, sabuni, betri, mafuta ya taa na vidonge, vyote kwenye lori moja chini ya turubai moja. Vingine vilikuja kwa mtumbwi kutoka ng'ambo, Malawi au Msumbiji.

Neno dawa kwa Kiswahili chetu halina mpaka. Kuna dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya mbu, dawa ya mganga, na dawa ya deni ni kulipa. Lakini dawa ikishindwa kutibu, kwetu neno ni moja tu: feki. Ukisema feki umeshamaliza kesi. Mwizi yupo, mwathirika yupo, na hukumu imetoka.

Maabarani neno hilo linagawanyika. Kuna dawa bandia, ambayo mtu ameitengeneza makusudi kudanganya: ndani hamna kiambato hai, yaani ile kemikali inayotibu, au kimo kidogo, au kimewekwa kingine kabisa, na boksi limeigwa. Na kuna dawa duni, ambayo kiwanda ni halali, kibali ni halali, lakini imetengenezwa vibaya au imeharibika njiani. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2017 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, kwa makadirio, dawa 1 kati ya 10 ni duni au bandia. Ni namba kubwa, ila ukiisoma haraka utadhani wote ni wezi.

Aspirini ndiyo iliyonifundisha tofauti hiyo. Ikipata unyevu na joto inavunjika yenyewe, polepole, inakuwa asidi ya salisili na asidi ya siki. Fungua kopo lililokaa muda mrefu chini ya bati la nyumba yenye jua la ziwani, utasikia harufu ya siki. Ukitaka uhakika, dondoshea kloridi ya feri kwenye mmumunyo wake: kama imevunjika, rangi ya zambarau inatokea mbele ya macho yako. Aliyeharibu dawa hiyo ni nani? Kiwanda kilifanya kazi yake. Mwenye duka hakuongeza kitu. Paa la bati na miezi mingi vimefanya kazi ya mwizi, na huwezi kuvipeleka polisi.

Sasa nieleze kwa nini jambo hili lilinikaa rohoni.

Masika ya 2003, nikiwa na miaka 9, mtoto wa mama mdogo alishikwa na homa. Alikuwa na miaka miwili na nusu, ndiye aliyenifuata kila mahali, mpaka mtoni. Mama mdogo akaenda kwenye duka la dawa baridi pale kijijini. Mwenye duka alikuwa mama mmoja wa makamo, mgeni kidogo, ameolewa pale. Alimuuzia SP, dawa ya malaria ya wakati ule, akamkatia kidonge kwa wembe kulingana na umri wa mtoto. Mama mdogo akakisaga kipande hicho kwenye kijiko, akachanganya na maji. Siku ya pili homa ikapanda. Siku ya tatu jioni mtoto akafariki.

Kabla arobaini haijafika kijiji kilikuwa kimeshaamua. Anauza feki. Anauza unga wa muhogo. Mtu mmoja akasema aliwahi kumwona akikanda vidonge usiku, na hakuna aliyemuuliza vinakandwaje. Watu wakaacha kununua kwake, hata sabuni na chumvi. Watoto wake wakawa wanakaa peke yao shuleni. Kabla mwaka haujaisha akapakia vitu vyake akaondoka. Wengine walisema yuko Mbinga mjini, wengine Songea. Mama mdogo mwenyewe hakuwahi kusema neno juu yake, wala la kumtetea wala la kumlaumu. Alinyamaza tu, na kunyamaza kwake watu wakakuhesabu kuwa ushahidi.

Miaka zaidi ya 10 baadaye, nikiwa na koti jeupe na kinu mbele yangu, nilijaribu kuifanyia kesi ile uchambuzi kama tulivyofundishwa. Nikaiandika kwenye karatasi: dawa imetolewa, mgonjwa amekufa, eleza sababu zinazowezekana.

Ya kwanza, bandia. Inawezekana kabisa. Mwaka 2009 Tanzania iligundua Metakelfin bandia, dawa nyingine ya malaria, katika famasi 40. Ilikuwa na kiambato hai pungufu.

Ya pili, duni. Na hapa kuna kitu ambacho sikuwahi kukifikiria kabla ya kusoma. Kidonge kinaweza kuwa na miligramu zake zote, ukikisaga na kukipima kinafaulu, lakini tumboni hakiachii dawa. Ndiyo maana kuna kipimo cha kuyeyuka: unakiweka kidonge kizima kwenye chombo chenye kimiminika cha nyuzi 37, joto la mwili, kasia dogo linazunguka taratibu, na baada ya muda uliopangwa unachota kidogo kuona kiasi gani kimetoka. Mwaka huohuo wa 2003 watafiti wa Muhimbili walichapisha uchunguzi wao wa amodiakwini na SP zilizokuwa zikiuzwa na maduka ya jumla Dar es Salaam. Baadhi ya vidonge vya SP vilifeli hapo hapo, kwenye kuyeyuka. Dawa ilikuwemo, ila haikutoka. Kidonge cha namna hiyo kingekuwa kimepita mikononi mwa mwagizaji, wa jumla, dereva wa lori na mama wa dukani, na hakuna hata mmoja wao ambaye angeweza kukitambua kwa macho.

Ya tatu, vimelea vyenyewe. Tanzania iliacha klorokwini na kuhamia SP mwaka 2001. Lakini Malawi, ng'ambo ya ziwa letu, ilihama mapema kuliko nchi zote za Afrika, mwaka 1993. Kwa hiyo upande mmoja wa maji SP ilikuwa imetumika miaka 8 kabla ya upande wa pili kuanza, na watu wa ziwani wanavuka kila siku na damu zao. Mwishoni mwa 2006 Tanzania nayo ikaiacha SP kuwa tiba ya kwanza na kuleta mseto, kwa sababu vimelea vilikuwa vimeizoea. Inawezekana kidonge kile kilikuwa kizima kabisa, kimeyeyuka vizuri, kimefika kwenye damu, na kikakutana na adui asiyekijali tena.

Ya nne, mtoto alitapika. Ya tano, alichelewa kupewa. Ya sita, haikuwa malaria. Hakuna aliyempima. Vipimo vya haraka vya malaria vilikuwa havijafika kwetu, homa yote iliitwa malaria, na nimonia ya mtoto inaanza na homa vilevile.

Nikaangalia orodha yangu. Sababu 6, na kati ya hizo ni moja tu ambayo ingeweza kumhusu mwenye duka, tena hata hiyo ingetegemea kama alijua. Ningeweza kuzipima ngapi? Mbili za kwanza, kama ningekuwa na kidonge. Lakini kidonge hakikuwepo. Karatasi yake ilichomwa na takataka, kipande kilichobaki baada ya wembe hakuna aliyekikumbuka. Kwenye fomu ya maabara kuna kisanduku juu kabisa, kabla ya jina la mchambuzi, kabla ya njia iliyotumika: namba ya sampuli. Kisipojazwa, fomu yote haiendi popote. Kijiji chetu kilijaza fomu nzima na kile kisanduku kikaachwa wazi.

Sisemi mama yule hakuwa na kosa. Sijui, na hakuna atakayejua. Ninachosema ni kwamba alihukumiwa kwa kipimo ambacho hakikufanyika.

Kinachoniuma zaidi ni tarehe. Mwaka huohuo 2003, Mamlaka ya Chakula na Dawa, ambayo leo inaitwa TMDA, ilianza jaribio jipya, na mkoa iliouchagua kuanzia nchini kote ulikuwa wetu, Ruvuma, Mbinga ikiwemo. Yale maduka ya dawa baridi yakaanza kugeuzwa kuwa Maduka ya Dawa Muhimu. Wauzaji wakapelekwa mafunzo ya wiki kadhaa: kutambua dawa iliyosajiliwa, kuhifadhi, kuandika kumbukumbu, kujua lini umwambie mgonjwa "hili silo la kwangu, nenda hospitali." Wakaguzi wakaanza kupita. Kabla ya jaribio, asilimia 26 ya dawa zilizokutwa madukani Ruvuma zilikuwa hazijasajiliwa. Baadaye zikashuka hadi asilimia 2. Mpango ukaenea nchi nzima. Mtu aliyefaa kukaa kwenye darasa lile la kwanza, na daftari lake mapajani, alikuwa ameshafunga duka.

Sasa ninafanya kazi kwenye stoo ya dawa ya hospitali moja ya misheni kule juu, Umatengo. Hatuna spektrofotomita. Tuna sanduku. Linaitwa Minilab, lilibuniwa Ujerumani na mfuko unaoitwa GPHF kwa ajili ya mahali kama kwetu, na mamlaka ya dawa ya Tanzania imekuwa ikitumia masanduku ya aina hiyo tangu miaka ya mwanzo ya 2000. Ndani kuna mabati madogo ya alumini yaliyopakwa silika nyeupe, mirija myembamba kama unywele, chupa za vimiminika, taa ya urujuanimno, na vidonge vya rejea, yaani dawa ambazo tunajua kwa hakika kilichomo.

Kanuni yake ni rahisi kueleza. Unachora mstari kwa penseli chini ya bati. Juu ya mstari unadondosha matone: moja la dawa ya rejea yenye nguvu ya asilimia 100, moja la rejea iliyopunguzwa hadi asilimia 80, na katikati yake dawa unayoishuku. Unasimamisha bati kwenye chupa yenye kimiminika kidogo chini. Kimiminika kinapanda kama mafuta ya taa kwenye utambi, kinabeba kila kemikali kwa mwendo wake. Baada ya muda unalitoa, unalikausha, unaangalia. Doa la mshukiwa likisimama kimo kimoja na la rejea, ni kemikali ileile. Ukubwa na ukolezi wake ukiwa kati ya yale mawili, kiasi kinatosha. Likiwa halipo, au limesimama pengine, una tatizo.

Angalia basi: kidonge hakisomwi peke yake hata siku moja. Kinasomwa kikiwa kimekaa katikati ya vitu viwili unavyovijua. Mimi miaka yote nilikuwa nadhani kushuku ni tabia, wengine wanayo, wengine hawana. Kumbe ni kazi ya mikono, ina vifaa vyake, na usipokuwa na rejea kushuku kwako ni kelele tu.

Mwaka jana alikuja bibi mmoja kutoka ziwani, na mjukuu wake wa miaka 5 mgongoni kwa mama yake. Mtoto alishapokelewa na daktari. Bibi akaelekezwa kwangu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Nimekuletea feki."

Akafungua pindo la khanga. Ilikuwa karatasi ya mseto, vidonge 12, vinane vimetumika. Walinunua kwenye duka la kijijini kwao. Mtoto alikunywa viwili viwili mara 4, homa haikushuka, bibi akaamua kuvisimamisha. "Nikasema huyu binti anatuuzia chokaa. Nimewaambia wote pale, msinunue."

Nilimpa kiti. Nikaandika kila kitu kwa wino: jina la dawa, namba ya toleo, tarehe ya kuisha, mahali iliponunuliwa, saa aliyoileta. Nikakagua karatasi na maandishi yake. Kidonge kimoja nikakiweka kwenye maji ya nyuzi 37. Kikavunjika mapema kabisa. Kingine nikakisaga, nikachora mstari wangu wa penseli, nikaweka matone.

Mseto una dawa mbili ndani ya kidonge kimoja, na zina tabia tofauti. Lumefantrini inajitokeza chini ya taa ya urujuanimno, doa la giza kwenye mwanga wa kijani. Artemetha haijitokezi kabisa. Ukiishia kwenye taa utasema haimo. Inabidi ulizamishe bati kwenye mmumunyo wa asidi ya salfa na kulipasha moto, ndipo doa lake linatokea, taratibu, kama picha inayosafishwa. Bibi alikuwa amesogea, anaangalia begani kwangu. Madoa yote mawili yalitokea. Yalisimama kimo cha rejea, katikati ya 80 na 100.

Daktari naye alikuwa amepata jibu la damu: malaria, vimelea bado vipo. Akamuuliza mama wa mtoto alimpaje dawa. Kwa maji, akasema. Mtoto alikuwa hataki kula, kwa hiyo alikunywa tumbo tupu, na dozi moja aliitapika asubuhi. Hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Lumefantrini haipiti vizuri tumboni bila mafuta. Ndiyo maana tunasema mseto unywewe na chakula, au maziwa, au walau uji wa karanga. Dozi ni 6 kwa siku 3, na hawa walikatisha ya nne. Wakaanzishiwa upya, uji juu.

Nikarudi kwa bibi.

"Kwa hiyo hawakutuibia?"

"Hapana bibi. Kidonge nilichokipima ni kizima."

"Hicho kimoja."

"Hicho kimoja. Na kimetoka kwenye karatasi hiihii."

Akalitazama bati muda mrefu. Nilitaka kumwambia zaidi, kwamba sanduku hili haliwezi kunipa namba kamili, haliwezi kusema 93 au 97, kwamba kwa uhakika zaidi sampuli ingepelekwa maabara kubwa. Nilimwambia. Alinisikiliza kwa adabu, lakini alikuwa ameshafika kwingine.

"Yule binti nimeshamtangaza," akasema. "Watu wameacha kwenda kwake."

Sikujua la kumjibu. Hakuna ukurasa wa farmakopia unaoeleza jinsi ya kulirudisha neno.

"Jumapili baada ya misa nitasimama," akasema mwenyewe. "Nitawaambia nilipima. Niandikie hapo."

Nikamwandikia kwenye karatasi ya hospitali, kwa Kiswahili, jina la dawa, toleo, tarehe, na nilichokiona. Sikuandika nilichokitarajia. Akaikunja mara nne akaifunga kwenye pindo la khanga, palepale vilipokuwa vidonge.

Vidonge 2 vilivyobaki havikurudi naye. Niliviweka na karatasi yake kwenye bahasha ya kaki, nikaandika namba ya sampuli juu, nikaifungia kabatini. Vitakaa humo mpaka tarehe ya kuisha muda wake ipite, ili mtu akija kuuliza, kuwe na kitu cha kumwonyesha.